Kidole cha Tatu cha Mzee Kuwahara

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Anayetafuna ameze kwanza; hili nataka mlisikie kwa masikio yote mawili. Ilikuwa asubuhi ya siku ya mwisho ya Machi, kituoni kwetu Osaka, pale reli saba zinapokutana. Kijiwe chetu kilikuwa benchi la jukwaa la nne, kati ya saa kubwa na mashine ya kahawa za kopo. Tulikuwa watatu: Profesa, fundi bomba mstaafu anayejua kila kitu; Konokono, mama wa duka la tofu ya soya, anayefika wa mwisho kila siku; na mimi, Bibi Koroma, sababu mnaijua. Watu walikuwa wakimiminika ngazini, wengine wanapanda, wengine wanashuka, na bega haligusi bega. Miaka yote niliyokaa pale, na bado kuwatazama kulinisisimua mwili. Mwisho wa jukwaa alisimama Mzee Kuwahara, mlinzi wa jukwaa, na glavu zake nyeupe. Treni ikiondoka hunyoosha kidole kwenye taa ya reli, kisha ukingoni mwa jukwaa, akitamka kwa sauti alichokiona. Wenzake wote huishia hapo. Yeye alikuwa na kidole cha tatu, alichokinyoosha upande wetu, na muziki wa kituo ukimeza maneno yake. Siku hiyo ndiyo aliyokuwa akistaafu.

— Leo ndiyo basi, akasema Profesa akifungua kopo lake. Na kile kidole cha tatu kinakwenda naye. Nawaambia, anahakiki saa iliyo nyuma yetu.

— Saa! Konokono akacheka. Yule anamsalimu mbweha, mjumbe wa miungu. Chini ya jukwaa hili palikuwa na hekalu la mbweha, mama mkwe wangu aliliona.

— Mama mkwe wako alimwona mbweha hata kwenye bakuli la tambi.

— Haya, mjuzi, mbona uso wake huwa vile? Mtu haangalii saa hivyo. Anaangalia kama mama aliyeinamia kitoto kichanga.

Profesa akakuna kidevu.

— Basi nisikilizeni. Watu laki tatu wanapita hapa kwa siku. Nani anawapanga? Kidole! Cha kwanza kinashika treni, cha pili kinashika ukingo, cha tatu kinashika watu. Kesho asiponyoosha mtu, reli zote saba zitasukana kama nywele za msichana.

Hatukucheka. Tuliutazama ule umati unavyopishana, tukaona labda kweli.

— Bibi Koroma, unasemaje? Au umeshalala?

— Sijalala, nikasema. Tangu moyo wangu uanze kuruka mapigo, nikisinzia hapa kidole kile nakihisi kama shuka ninayofunikwa. Kesho nitaogopa kusinzia.

— Uogope! Kituo kizima kitashukuru.

Konokono akaenda kwenye mashine, akarudi mikono mitupu.

— Taa nyekundu kwenye kitufe. Kahawa ya moto imekwisha mpaka baridi irudi.

Hapo akaja binti mwenye kofia mpya ya kituo, akatuinamia.

— Samahanini, wazee wangu. Naitwa Orito. Kuanzia kesho jukwaa hili liko mikononi mwangu. Mzee Kuwahara amenituma niwaulize jambo, yeye mwenyewe anaona haya.

— Uliza, mwanangu, akasema Profesa. Hapa hakuna tusichokijua.

— Amenifundisha vidole viwili vya kitabuni, na kimoja chake. Ninyooshee benchi hili, niseme, "Benchi, wote wanapumua." Miaka kumi na tisa iliyopita mtu alikaa hapa, gazeti usoni. Treni arobaini zikapita. Mzee alimpita mara arobaini, akidhani amelala.

Konokono akajiziba mdomo.

— Polisi waliuchukua mwili, jina likaenda na makaratasi yao. Leo mzee anastaafu, anataka kulitafuta kaburi lake akafukize ubani. Nyinyi mlikuwa mkikaa naye. Aliitwa nani?

Profesa akaliweka kopo lake chini.

— Bwana Gazeti, akasema Profesa.

Miaka sita tulikaa naye. Tulijua anapenda habari za mieleka, kahawa bila sukari, goti la kushoto linamuuma mvua ikikaribia. Jina hatukumuuliza. Na asubuhi ile ya gazeti usoni ni mimi niliyesema, "Tuongee polepole, amelala."

Treni ikaingia, ikatoka. Mzee Kuwahara akanyoosha kidole: cha kwanza, cha pili. Kabla ya cha tatu tukasimama wote, tukamwinamia. Mkono wake ukaishia hewani. Kisha akavua kofia, akainama, akakaa hivyo mpaka treni nyingine ikaja.

— Naitwa Fusae, nikawaambia wenzangu.

— Shigeno, akasema Konokono.

— Inubushi. Na sijawahi kuwa profesa.

Mzee Kuwahara alikwenda nyumbani na ubani wake haujawashwa. Glavu na kidole cha tatu alivirithi Orito. Nafasi ya Bwana Gazeti benchini ilirithiwa na yeyote aliyechoka, ila kabla hajakaa tulimuuliza jina. Nami nilirithi kazi ndogo: kila treni ikiondoka, hata nikiwa usingizini, nakohoa mara moja, yule binti ajue napumua.