Ufunguo wa Bi. Oleta Estep

Mchungaji, ndugu, majirani wa Lick Fork, na ninyi mliovuka mlima asubuhi hii na barabara ikiwa vile ilivyo, familia inawasomea maisha ya marehemu Oleta Stiltner Estep, na itasoma kwa ufupi, kwa kuwa mwenyewe alizoea kuwaandikia watu wasiosoma zaidi ya kurasa kumi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa hapa Lick Fork, Virginia Magharibi, mtoto wa nne wa Mzee Hobart Stiltner, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Zella, akasoma shule ya msingi ya bonde hili, ambayo imefungwa, kisha sekondari ya kaunti, ambayo nayo imefungwa, akahitimu Mei 1969, na Septemba ya mwaka huo akarudi shule ya msingi kama karani, kazi aliyoifanya mpaka shule ilipoishiwa watoto mwaka 2006, na muda huo wote haikuingia fomu ya serikali katika ofisi ile ikatoka bila kusahihishwa makosa, makosa ya fomu yenyewe.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Darrell Estep, wa mgodini, wakajaliwa watoto wawili, Randall mwaka 1973 na Misty mwaka 1979. Mwaka 1998 dari la mgodi lilimwangukia Darrell mgongoni, akaandikiwa vidonge vya maumivu ambavyo aliambiwa havileti uraibu, vikakaa katika kabati lililo juu ya sinki, kama vilivyokaa katika nyumba za wengi wenu, na kutoka kabati lile vikamfikia Randall, kisha Misty. Darrell alifariki mwaka 2004 kwa vumbi la makaa kifuani, na Randall tarehe 17 Februari 2009, katika choo cha kituo cha mafuta, sindano ikiwa bado mkononi. Wengine mnakumbuka kwamba mama yake hakulia siku ile, aliosha mabakuli yote mliyoleta na chakula, akasoma majina yenu kwenye plasta mlizobandika chini yake, na kesho yake akapita nyumba kwa nyumba akiyarudisha, na hata bakuli lisilo na jina alilijua la nani.

Mwaka 2011 aliomba apewe jengo la shule lililokuwa likioza, awalaze humo wanaotaka kuacha dawa za kulevya, na hapo ndipo alipoanza kuiandikia serikali kuomba ruzuku. Ombi la kwanza lilirudishwa kwa sababu ya upana wa pambizo. La pili lilimtaka aeleze nyumba itaendeleaje fedha za serikali zikiisha, akaandika kwamba itaendelea kama ilivyokuwa ikiendelea kabla hazijaja. La tatu lilifaulu, na hatujui kwa nini, maana lilikuwa lile la pili lenye tarehe mpya. Kwa kuwa mtandao haufiki bondeni, kila ombi alilituma akiwa ndani ya gari, nje ya maktaba ya mjini, bibi wawili wa kanisani wakiwa kiti cha nyuma na mikate yao yenye soseji ya pepperoni ndani, wakimkumbusha kwamba dirisha la maombi la serikali hufungwa saa kumi na moja jioni na wao wana maharage jikoni.

Swali lililomchosha kuliko yote lilikuwa lile la kudai ushahidi kwamba watu hupona. Misty aliingia nyumba ile mwaka 2012, akatoka, akarudi, akatoka tena, na tangu Aprili 2015 hajagusa kitu, naye ndiye anayeiendesha leo. Mwaka jana afisa mmoja wa ruzuku, ambaye Oleta alimjua kwa sauti tu, alipiga simu kusema kwamba vifo vya kaunti vimepungua, hivyo uhitaji wetu umeshuka daraja.

"Mama yangu, tunawapongeza sana," akasema afisa.

"Asante, mwanangu," akajibu Oleta. "Sasa unanishauri nimuue nani?"

Afisa alisema ataliuliza hilo kwa wakubwa.

Juni mwaka huu, 2022, madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, naye akachagua kulala katika chumba kilichokuwa ofisi yake ya ukarani. Muuguzi alipoleta mofini ya maji, dawa ya maumivu, ndugu wa vile vidonge, alisimama mlangoni akasema, "Bi. Oleta, sithubutu kuiacha dawa hii humu, unajua nani wanalala humu," akapendekeza kisanduku chenye kufuli kikae kituo cha zimamoto, awe analetewa kila anapoumwa. Oleta akasema kisanduku kitakaa chini ya kitanda chake, na ufunguo atashika Misty.

Misty alikataa. "Mama, mpe mchungaji."

"Mchungaji akilala amelala. Utaniua kwa kumngoja."

"Unajua mimi ni nani."

"Nimeiandikia serikali miaka kumi na moja kwamba watu hupona," mama akasema. "Unataka nife mwongo?"

Misty aliufunga ufunguo kwa kamba ya kiatu, akauvaa shingoni, akampimia mama yake dawa mpaka mwisho, na kila muuguzi alipokuja kulinganisha iliyotumika na iliyobaki, hesabu haikupungua hata tone. Septemba Misty alituma ombi la mwaka huu kutoka nje ya maktaba, na kabla hajatuma alitaka kuliandika jambo la ufunguo katika ule ukurasa wa ushahidi. Mama yake akamwambia, "Hilo usiliandike. Hilo si lao." Misty ameturuhusu tuliseme hapa, kwenu.

Oleta Estep alifariki tarehe 3 Oktoba, asubuhi, baada ya kuuliza kama stakabadhi ya kupokelewa kwa ombi imekuja. Ilikuwa imekuja. Jibu halijaja, na fedha zilizopo zinafika Desemba.

Muuguzi aliimwaga dawa iliyobaki ndani ya mchanga wa choo cha paka ili isitumiwe tena, kama utaratibu unavyotaka, Misty akatia sahihi, akavua ufunguo akaukabidhi, na ninyi mliokaa karibu naye mmeuona mkono wake tangu asubuhi unavyopanda shingoni, haukuti kitu, unashuka.

Familia inawashukuru madaktari na muuguzi, kikosi cha zimamoto, wafanyakazi wenzake wa zamani wa shule, na majirani mliolaza wageni. Chakula kipo shuleni, vitanda vyote vina watu na hakuna pa kukaa, kwa hiyo tutakula tukiwa tumesimama, na mabakuli yenu yatarudi kesho, Misty atayaleta.

Oleta, yaliyokuwa mikononi mwako yapo mikononi mwetu. Lala, upumzike kwa amani.