Neno Lililohama Kafili

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha gari la Suburban. Gari lenyewe lilikufa zamani, mwenyewe akang'oa kiti akakiacha nyuma ya jengo la ofisi hapa Al-Murabba, Riyadh, na sisi tukakiegemeza ukutani penye kivuli. Mikanda yake bado ipo. Anayechelewa hukalia upande wenye vifungo vya chuma, na hukaa kwa uangalifu. Sisi ni madereva, Wakenya watupu. Mabosi wako juu kwenye ubaridi, sisi tuko chini tunawangoja, na katika kungoja huko tumeshazungumza kila kitu alichoumba Mungu, na vingine ambavyo hakuviumba.

Mleta kahawa ni Danson. Ana urafiki na mtu wa jikoni wa ghorofa ya tano, kwa hiyo hushuka na dala, ile birika ya Kiarabu yenye mdomo kama wa ndege, pamoja na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ya huku ni nyepesi, ya manjano, na iliki imeizidi kahawa yenyewe. Danson tunamwita Kamusi, kwa sababu alikuwa akifundisha Kiingereza kule Vihiga kabla hajaja, na mpaka leo husahihisha vibao vya barabarani. Wa pili ni Norman, tunamwita Nakali. Mtu akihama kutoka kwa kafili mmoja, yaani mwajiri anayekudhamini, kwenda kwa mwingine, na karatasi zake zikahamishwa, huku wanasema amefanya nakal. Norman amefanya mara tatu na bado anatazama pembeni. Mimi ni Ephraim, na wananiita Polepole. Norman husema nikianza sentensi, ikama ya anayenisikiliza, kile kibali cha kuishi huku, inaweza kuisha muda kabla sijafika kwenye nukta.

Siku hiyo nilifika nikiwa na neno la kuuliza. Mke wangu Damaris alifariki mwaka uliotangulia, nyumbani Kaimosi. Karatasi ya kunitoa na kunirudisha ilipokamilika, walikuwa wameshamzika. Jumamosi iliyokuwa inakuja, kanisa letu la Friends lilipanga kufanya ibada ya kumbukumbu, na binti yetu Peris, aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye angesoma maneno ya watoto. Alinitumia kwa simu niyapitishe. Yalikuwa maneno mazuri. Nililia vizuri tu, mpaka nikafika kwenye sentensi moja ya Kiingereza ambapo Peris alisema kwamba mama yao aliwa-infuse na imani.

Neno hilo mimi nilikuwa nalijua kutoka mahali pamoja. Liko kwenye pakiti ya majani ya chai, chai ya kwetu inayouzwa supamaketi hapa: mimina maji ya moto, infuse dakika chache, kunywa. Damaris alichuma chai tangu nilipomjua, kikapu mgongoni, mvua ikinyesha au isinyeshe. Sikutaka watu wasimame kanisani wasikie kwamba alipofika nyumbani aliwaloweka na watoto. Tena sikutaka kumwambia mtoto afute, maana aliandika akiwa peke yake, usiku, na bibi yake haoni vizuri kiasi cha kumsomea.

Kulikuwa na jambo jingine, zito kuliko hilo. Baba, ndivyo ninavyomwita kafili wangu, mzee mwenye jengo hili, alikuwa ameniuliza kama natia sahihi miaka miwili mingine au naenda nyumbani moja kwa moja. Jibu alilitaka siku hiyohiyo, baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimeliombea wiki nzima, kwa sauti ya chini kama tunavyoomba huku, na sikuwa nimeonyeshwa kitu.

Niliwaambia yote mawili. La miaka miwili walilinyamazia, kwa sababu hilo mtu hamwamulii mwenzake. La neno walilidaka.

Danson alikuwa amekuja na mgeni, kijana wa Bomet aitwaye Wesley, aliyeingia nchini mwezi huo. Alikuwa bado anaangalia kila kitu kama mtu atakayekuja kuulizwa maswali. Alikalia vyuma bila kulalamika. Danson akammiminia, akanimiminia, dala mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, kama wenyeji wanavyofanya, kisha akaanza somo.

Alisema neno hilo ni la Kilatini na maana yake ni kumimina ndani. Hapo mwanzo lilikuwa na kazi hiyo tu, kutia kitu cha maji ndani ya chombo. Baadaye waganga wa Ulaya wakawa wanaloweka mizizi na majani, nguvu ya dawa inatoka kwenye jani inaingia kwenye maji, wakaona ni kumimina vilevile ingawa mkono hauonekani. Wahubiri nao wakalichukua wakasema Mungu humimina neema ndani ya mtu. Kwa hiyo Peris hajakosea, alisema Danson. Yuko kwenye mstari mmoja na wahubiri.

Norman alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

— Kamusi, wewe unaongea kama hilo neno lilipanda lifti lenyewe. Hakuna kitu kinapanda bure. Hilo neno lilitoka kwao na viza ya jikoni.

— Neno halina viza, Nakali.

— Ngoja. Kwa mkataba, kazi ni kumimina. Kafili wa kwanza ni mtungi. Limekaa hapo, limeona hapa nitazeeka nimeshika maji. Likafanya nakal, likaenda kwa daktari wa miti shamba. Huko angalau linaitwa na watu wagonjwa, lina heshima kidogo. Kutoka kwa daktari likaenda kwa kasisi. Hapo sasa, kazi safi, hushiki maji, unatia watu neema. Na juzi nimelisikia kwa televisheni ya bosi, eti serikali fulani inataka ku-infuse mtaji. Liko benki, bana. Limevaa tai.

Nilimuuliza kama jikoni liliacha kazi, maana mimi nimeliona kwenye pakiti ya chai.

— Halikuacha. Linafanya zote. Si unajua watu wa hivyo? Asubuhi dereva, jioni fundi wa eyakondishona.

Danson alisema neno likihama halihitaji kuombwa karatasi, watu hulihamisha midomoni bila kujua. Norman akajibu kwamba katika mji huu hata paka wa dampo ana kafili. Kutoka hapo wakazidi kupanda. Danson alidai kila kitu kisichoonekana kilianza kwa kazi ya mikono. Alisema hata sisi husema mtu ameingiwa na hofu, sasa hofu iliingilia mlango gani? Norman akasema ya kwake iliingilia kwenye simu, kila madam anapopiga. Danson akasema basi zamani sana, watu walipokuwa bado hawana neno la imani wala la hofu, pengine walionyeshana tu mtungi. Norman akasema hao walikuwa na akili kuliko sisi, maana mtungi unauona ukiwa mtupu.

Wakati wote huo Wesley alikuwa anakunywa. Akimaliza anarudisha kikombe, Danson anakijaza huku akiendelea kubishana, kijana anakunywa tena. Nilimwona Norman akinikonyeza ninyamaze, nikanyamaza.

Simu yangu ikalia. Asubuhi nilikuwa nimempelekea shemeji yangu Selipher ile sentensi ya Peris. Selipher ni dada yake Damaris, anafanya kazi kwenye nyumba moja Al-Hamra, Jeddah, karibu na bahari ambayo huiona kupitia dirisha la darini anapoanika nguo. Alikuwa ametuma ujumbe wa sauti. Niliuweka wote wausikie. Alikuwa anaongea chinichini, na nyuma yake mashine ya kufua ilikuwa inazunguka.

— Shemeji, hiyo Kiingereza mimi sijui vile ilianza. Lakini hapa kila Alhamisi madam anachoma udi. Anaweka chetezo chini, nguo inaning'inia juu. Hakuna mtu anamimina kitu. Mimi ndiye nafua hizo nguo, na sabuni ya nguvu, na nikianika kwa jua bado nasikia udi. Dada alikuwa hivyo. Uliwahi kumwona amekalisha watoto chini awafundishe maombi? Hakuwa na huo wakati. Alikuwa anaomba akisonga ugali, anaomba akifunga mlango wa kuku, na wao wako hapo tu karibu yake. Kama Wazungu wako na neno la hiyo, wachia mtoto alitumie. Naenda, naitwa.

 Mimi nilikuwa namwona Damaris akifunga mlango wa kuku. Kulikuwa na msumari anaoupindisha, na kila akiupindisha husema, Bwana utulinde, na kuku pia. Nilikuwa nimeusahau msumari huo. Danson alivua kofia akaishika magotini. Nikaona kwamba neno limeshinda, na kwamba Peris ataachiwa sentensi yake.

Ndipo Wesley akasema, kwa adabu:

— Samahani, mzee. Naweza uliza?

Nikamwambia aulize.

— Hiyo imani mama yao aliwapatia, inakaa muda gani ndani yao, kama hakuna mtu wa kuongeza?

Hakuuliza kwa ujanja. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua maji ya tangi yatatosha mpaka lini.

 Danson alisema kamusi haielezi muda. Norman alianza kusema kitu kuhusu mikataba, miaka miwili miwili, kisha akaniangalia na hakuendelea. Mimi nilifikiria udi wa Selipher. Nguo haikai na harufu kwa sababu ya Alhamisi moja. Inakaa nayo kwa sababu Alhamisi nyingine inakuja.

Danson aliinua dala amjazie Wesley. Likatoka tone, kisha likatoka jingine, kisha basi. Akaitikisa karibu na sikio. Kahawa yote ilikuwa imekwisha, na kila mtu alijua ilikokwenda.

Norman alicheka mpaka akafuta macho. Alimuuliza Wesley kwa nini hakusema imetosha.

— Nilidhani kukataa ni dharau. Mnajaza, nakunywa. Hata huko kwa kafili nimekunywa hivyo wiki ya kwanza, usiku nikashindwa kulala.

— Huku hawasemi imetosha, kijana. Angalia. Ukitosheka unatikisa kikombe hivi, kidogo tu, kushoto kulia. Usipotikisa, Mwarabu atakujazia mpaka Kiama. Anadhani bado unataka.

— Na mbona hamkuniambia?

— Tulitaka kujua umekuja na tumbo gani.

Wesley alikishika kikombe kitupu akajaribu, kushoto kulia. Norman akamwambia asikitikise kama njuga, ni kikombe. Akajaribu tena.

Adhana ya alasiri ikatoka msikiti wa nyuma, kisha mwingine, kisha yote. Maduka ya upande wa pili yakashusha milango. Tulingoja swala iishe, wenzangu wakiongea taratibu mambo ya tairi, na mimi nikiwa sipo. Watu walipoanza kutoka msikitini nilisimama nikajikung'uta.

Baba hupokea wageni wake kwenye chumba cha chini chenye mazulia. Tangu nifiwe, nikiingia humo hunimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na watu wa ofisini huliona jambo hilo geni. Alinionyesha mahali, nikakaa. Akanimiminia. Nilikunywa polepole, kama ninavyofanya kila kitu.

Akaniuliza, Ephraim, miaka miwili?

Kiarabu changu ni cha barabarani. Nina maneno ya kulia na kushoto, uwanja wa ndege, shule, hospitali, nipo mlangoni. Kwa kumweleza swali la Wesley sikuwa na neno hata moja. Baba alikuwa ameshainua dala, ameinama kidogo, anangoja kikombe changu. Ni mtu mwema. Kumwambia hapana mtu mwema ni kazi ngumu katika lugha yoyote.

Nilinyosha mkono, nikakitikisa kikombe.

Dala ilibaki hewani. Alikiangalia kikombe, akaniangalia usoni, akakiangalia tena. Alijua mimi huwa nakunywa viwili.

— Halas? aliuliza.

— Halas, baba.

Aliiweka dala chini, akakitwaa kikombe mkononi mwangu yeye mwenyewe. Aliniuliza majina ya watoto. Nikamwambia, Peris, Elijah. Akayarudia kwa namna yake, Biris, Iliyas, akasema Mungu amrehemu mama yao. Kisha akasema kesho mtu wa ofisini ataanza karatasi ya kunitoa, na akichelewa, yeye mwenyewe ataenda kukaa mlangoni kwa watu wa uhamiaji mpaka waitoe. Hakutaja mara ile nyingine, ya mazishi. Hakuhitaji.

Nilipotoka, wote watatu walikuwa wananitazama.  Niliinua mkono kana kwamba nimeshika kikombe, nikautikisa, kushoto kulia.

Norman alitazama matairi ya gari lake kwa muda mrefu. Danson aliuliza jambo moja tu, kuhusu Peris.

— Mwambie asifute, alisema.

Nikamwambia nimeshamwandikia, nikiwa bado mlangoni.

Nilibaki nimesimama, maana Baba alikuwa anatoka na nilitakiwa niwashe gari. Norman alimgusa Wesley begani, akamwambia asogee upande ule nilipokuwa nimekaa, ajizoeze, hapo hakuna vyuma. Wesley aliniangalia kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa, naye akasogea.