Jirani wa Bwana Bonyeza

Kaka yetu mpendwa, ambaye nusu ya mliofika leo mnamjua kwa jina la Bwana Bonyeza tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga. Mama alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kusema, na alipoanza hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Kila kitu alitaka kujua kinafanyaje kazi. Baba, aliyekuwa na saa za watu zimetapakaa mezani, alijifunza kufunga karakana kwa ufunguo hata akienda kunywa maji.

Alianza shule Januari 1968. Alipokuwa darasa la nne waliagizwa waandike insha kuhusu siku ya kwanza shuleni. Yeye alijaza kurasa mbili kuhusu komeo la mlango wa darasa, jinsi lilivyogoma kufunga, na jinsi upepo ulivyousukuma mlango katikati ya hesabu, watoto wote wakasimama kumwamkia mgeni ambaye hayupo. Mwalimu alicheka, akampelekea mwalimu mkuu, na wiki hiyohiyo komeo likatengenezwa. Hapo ndipo kaka alipoonja utamu wa kuandika. Alimaliza sekondari mwaka 1979 na masomo ya ukarani mwaka 1981.

Kuanzia Februari 1982 alikuwa karani wa ofisi ya maji, dawati la malalamiko. Alijibu wateja kwa upole na utani mpaka wengine wakawa wanalalamika bila sababu, wapate majibu yake. Mei 2009 alifungua blogu yake, Bonyeza Hapa, na mwaka 2013 akaacha ofisi ili aandike tu. Ndugu tulidhani amerukwa na akili. Aliandika kuhusu rimoti inayovishwa nailoni hadi vitufe havionekani, simu inayommalizia mtu sentensi kabla hajaifikiria, na kundi la familia ambalo kila mtu amelizima sauti lakini hakuna anayethubutu kutoka. Hakujikweza. Kifaa kikimshinda, alisema kimemshinda, na wasomaji walimpendea hilo.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990 na mfamasia, wifi yetu aliyekaa hapo mbele. Miaka ya mwanzo ya blogu, "mke wangu" alikuwa katika kila makala. Siku moja kaka akaandika jinsi mke wake alivyoiosha rimoti kwa sabuni ya vyombo na kuianika kwenye kamba na soksi. Kesho yake, kwenye dirisha la famasi, mteja wa kwanza akauliza, "Dada, na hizi dawa umeziosha?" Mpaka jioni hapakuwa na aliyetaka dawa bila utani.

Wifi alirudi nyumbani, akaweka sahani mezani.

"Kuanzia leo mimi nisionekane humo," alisema.

"Sasa rimoti nitasema kaiosha nani?"

"Sema jirani."

Kaka alikuwa mtu wa ahadi, tena mwenye haraka. Kabla chakula hakijapoa, aliiamuru kompyuta itafute "mke wangu" katika makala zote na kuweka "jirani yangu" badala yake. Hakusoma tena. Ndipo wasomaji wakakuta: "Mvua ilinyesha siku nilipomwoa jirani yangu." Wakasoma pia: "Jirani yangu alipojifungua, mtoto alikuwa na pua yangu."

Mama alikuja na mkoba wa safari. "Huyo mtoto yuko wapi?" aliuliza, hata kiti hajakalia. Jirani wa kweli, mama mshonaji wa nyumba ya pili, mjane mzee kuliko mama, alipita mlangoni na sindano mdomoni. "Mwanangu, nasikia nimeolewa," alisema. "Mbona sikualikwa?"

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kaka alirekebisha habari ya harusi na ya mtoto kwa kuzifuta kabisa, lakini neno "mke" halikurudi. Wifi alikataa katakata, na kaka hakumlazimisha. Hata hivyo ilimuuma. Aliwahi kumwambia mdogo wake, anayewasomea haya, kwamba kila anachoandika kinatoka kwa mwanamke mmoja, na wasomaji wake hawatamjua kamwe. Alitamani kumwandika tena kwa jina lake la haki, "mke wangu", japo mara moja kabla hajafa.

Agosti 2023 madaktari waligundua kuwa moyo wake umechoka. Vidole vilivimba, akawa hawezi kuandika. Alijaribu kuisemesha simu ikaandika mambo yake yenyewe, basi wifi akawa anamwandikia. Tarehe 2 Juni 2024, wodini, alimtamkia aandike makala fupi: "Jirani yangu ananiuguza vizuri, ila kitanda hiki cha umeme kimemshinda. Kila akitaka kuninyanyua kichwa, inapanda miguu."

Akaomba simu ahakiki, kama kawaida yake.

"Umekosea," alisema. "Umeandika mke wangu."

"Sijakosea."

"Watakucheka famasini."

"Wacha wacheke. Bonyeza."

Alibonyeza mwenyewe, kwa kidole kilichovimba, kisha akalia bila kujificha. Siku hizo zilizobaki alikuwa akisomewa salamu za wasomaji, na alikuwa na furaha ambayo sisi ndugu zake hatujawahi kuiona. Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Juni 2024, akiwa ameshikwa mkono.

Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada yake mdogo, na wasomaji ambao wengi wao tumewaona leo kwa mara ya kwanza. Ameacha pia mke. Neno hilo limechapishwa hapa kwa ruhusa yake mwenyewe.

Mungu ampe kaka yetu pumziko jema.