Lisilotajwa la Dada Orlena

Marehemu Orlena Gayheart Sizemore alizaliwa tarehe 9 Machi 1939. Hapana, tuseme vizuri, ni 1938. Hati ndiyo inasema 1939, lakini hati iliandikwa na karani aliyepanda bondeni kwetu mwaka mmoja baadaye, akamkuta mtoto anatembea, na bado akaandika kwamba amezaliwa juzi. Mama alimwambia, karani akasema wino umeshakauka. Kwa hiyo marehemu ametimiza miaka sabini na minane, si sabini na saba kama ilivyochapwa kwenye jalada. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Harlis Gayheart na Bibi Mahala, wa hapa hapa Pigeon Branch, mashariki mwa Kentucky.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya Pigeon Branch hadi darasa la nane, 1952. Alipenda hesabu, na hakupenda kuimbishwa. Mwaka 1947, Orlena akiwa na miaka tisa, mdogo wake Estill, ndiye aliyeandika karatasi hii, alishikwa na homa ya mapafu. Daktari alikuwa ng'ambo ya mlima na theluji imefunga njia. Orlena alipiga magoti kando ya kitanda siku tatu. Mama akamwambia, "Basi mwanangu, inuka ule. Mungu ameshakusikia."

"Kama amesikia, mbona Estill hajainuka?"

"Usimsumbue Mungu, we mtoto."

"Si alisema mwenyewe tumsumbue? Yule mjane kwenye Biblia alimsumbua hakimu mpaka akachoka."

Siku ya tatu mgonjwa akafumbua macho, akaomba mkate wa mahindi. Orlena akamzaba kibao. "Ulikuwa wapi siku zote hizi? Umenimaliza magoti!" Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba kuomba mara moja kunatosha.

Tarehe 14 Juni 1957 alifunga ndoa na Hobart Sizemore, mchimba makaa ya mawe, katika kanisa hili. Walijaliwa watoto wawili, Wilma na Carlis. Marehemu alifanya kazi jikoni mwa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Waliosoma pale wanakumbuka maharage yake, na wanakumbuka pia kwamba mtoto aliyejifanya ameshiba ili mwenzake apate zaidi alikuwa anapakuliwa tena bila kuulizwa. Hobart alikuwa mtu mwema asubuhi. Jioni alikuwa mtu wa chupa. Haya yalijulikana bonde zima na hakuna haja ya kuyafunika leo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Sisi watu wa Pigeon Branch tuna desturi yetu, na vijana waliokuja kutoka mjini kuzika wanaweza kuwa hawaijui. Jumatano, kwenye kipindi cha maombi, mchungaji anauliza nani ana hitaji. Mmoja anataja nyonga, mwingine anataja mwana aliye jeshini. Lakini kuna mwenye jambo zito ambalo ulimi haulibebi. Huyo anainua mkono, anasema neno moja tu, "Lisilotajwa." Haulizwi. Karani wa kanisa anaandika jina lake na neno hilo kwenye karatasi ya maombi, na kila nyumba inapewa nakala. Kila siku saa sita mchana, popote ulipo, unapiga magoti na karatasi yako, na kanisa zima linaomba pamoja. Siku likijibiwa, mwenyewe anasimama mbele ya watu na kusema limejibiwa, ndipo karani anapiga mstari. Mwenyewe. Si mwingine.

Marehemu aliinua mkono Jumatano moja ya Oktoba 1984. Jina lake likawa la kwanza kwenye karatasi, likakaa hapo miaka kumi na mitano. Saa sita ikifika alizima jiko na kupiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, nyumbani au shuleni. Wapishi wenzake walimtania, "Orlena, huyo Mungu wako hajui nambari yako bado?" Naye akajibu, "Anaijua. Anataka tu kuona kama nitakata simu mimi kwanza."

Mwezi Mei 1999 Hobart aliacha pombe, akabatizwa mtoni pale chini ya daraja. Kanisa liliimba mpaka sauti zikakauka. Mchungaji alihubiri juu ya mke aliyeomba bila kuchoka, na watu wakamkumbatia marehemu. Alishukuru. Hakusema limejibiwa. Hakuna aliyeliona hilo.

Karatasi iliyofuata haikuwa na jina lake; kuna aliyelipigia mstari.

Yeye hakujua. Kisukari kilikuwa kimeshamla macho, anaona mwanga na vivuli tu. Hobart hakuwahi kujua kusoma. Tena mapafu ya Hobart yalikuwa yamejaa vumbi la makaa, na mkewe aliacha kwenda Jumatano ili amshike wakati wa kukohoa. Karatasi ililetwa kila mwezi, naye aliikunja kwenye Biblia na kuikandamiza kwa kiganja. Akikutana na mtu Jumapili alimwuliza, "Bado mnashikana nami kwenye maombi?" Naye anajibiwa, "Tunakuombea, dada." Hobart alifariki Februari 2006. Marehemu alimzika, akarudi nyumbani, na saa sita akapiga magoti vilevile.

Kaka yake Estill alikuwa mtu wa kiguu na njia. Alichuma matufaha Michigan, akabeba mizigo Ohio, akaosha vyombo kwingine. Alirudi Septemba 2008 na begi moja, dada akampa chumba cha nyuma. Siku ya pili alimwambia, "We Estill, macho si unayo? Nisomee karatasi ya kanisa."

Akasoma. Mzee Arliss, nyonga. Mtoto wa Dreama, shule. Kanisa, paa. Na wengine mpaka chini.

"Na mimi?" dada akauliza.

"Wewe nini?"

"Lisilotajwa langu. Liko la ngapi?"

Estill aligeuza karatasi, akaangalia na nyuma. Hapakuwa na kitu.

"La tatu," akasema.

Marehemu akafikiri kidogo. "Zamani lilikuwa la kwanza," akasema. "Haya, sawa. Wengine nao wana shida zao." Saa sita ilikuwa imefika; akashika ukingo wa meza akashuka magotini. "Watu arobaini na mmoja, Estill. Wote wako chini saa hizi, pamoja nami. Unafikiri mlango gani utavumilia kugongwa hivyo?"

Estill alikuwa hajaomba tangu ujana wake. Siku ile alishuka naye, maana aliona kwamba akibaki amesimama, dada yake atakuwa peke yake.

Alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji hakuwa mtu mbaya, alimkaribisha na kahawa. "Ndugu Estill, lile si lilijibiwa? Hobart aliokoka. Tuliimba."

"Nani alisema lilikuwa la Hobart?"

"Ah, kila mtu alijua."

"Kama kila mtu alijua, mliliitaje lisilotajwa?"

Mchungaji akakoroga kahawa. Akasema linaweza kurudishwa, ila utaratibu ni utaratibu, dada aje mwenyewe ainue mkono upya. Basi Estill angerudi nyumbani na kumwambia nini? Kwamba miaka tisa, kila saa sita, alikuwa anagonga peke yake? Alishindwa. Anasema hapa mbele ya jeneza kwamba alimdanganya dada yake kila mwezi kwa miaka minane. La tatu. La pili. Mwezi huu limerudi la kwanza, dada. Siku hiyo ya la kwanza dada alioka keki ya matufaha.

Figo zilianza kushindwa mwaka 2014. Mara tatu kwa wiki alipelekwa mjini kusafishwa damu, na ikifika saa sita, kwa kuwa hawezi kupiga magoti na mipira ya mashine mkononi, aliinua mkono ulio huru. Muuguzi alidhani anaomba maji. Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 13 Januari 2017, saa nne asubuhi. Hakusema limejibiwa.

Ameacha binti, Wilma Sizemore Caudill wa Dayton, wajukuu watatu, kitukuu mmoja, kaka yake Estill, na mwana, Carlis, aliyetoka nyumbani usiku wa ugomvi na baba yake, Septemba 1984, na ambaye hatuna anwani ya kumpelekea habari hizi. Hatusemi kwamba ndilo lilikuwa ombi. Hakulitaja, na si letu kulitaja.

Alale salama dada yetu, na asiamshwe na yeyote kati yetu.

Kaka yake amezunguka nyumba zote za kanisa hili, moja baada ya nyingine, na swali moja. Amemwuliza karani, wazee, na walioshika karatasi ile kila mwezi wakaona jina halipo. Wote wamempa kahawa. Analiacha hapa limeandikwa, kwenye karatasi mtakayokwenda nayo nyumbani: ni nani aliyemjibu Orlena kwa niaba ya Mungu?