Beki wa Pasi Mbili

Kijiwe chetu ni benchi moja refu chini ya dirisha la kinyozi. Mimi ndiye mwenye birika. Namimina kahawa na kusikiliza. Wateja wangu wa asubuhi ni watatu. Kuna Kinyozi, anayetoka na mkasi mkononi hata kichwa cha mtu kikiwa kimebaki nusu. Kuna Redio, karani mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Na kuna Mjomba, fundi saa, mtu wa maneno machache. Mtaa mzima unamwita Mjomba kwa kuwa ni mjomba wa Kufuli, yule beki aliyekulia nyumba ya tano kutoka hapa, mama yake wa huku, baba yake wa nchi jirani. Akisimama kati, lango limefungwa. Ndiyo Kufuli hiyo. Asubuhi ninayoisimulia, gazeti lilikuwa na mistari minne ukurasa wa nyuma: daktari amesema goti la Kufuli halitacheza tena mpira.

Redio: Mistari minne! Na tangazo la magodoro limepewa nusu ukurasa.

Kinyozi: Yote ni zile pasi mbili za kusafiria. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka.

Redio: Yeye zimemponyoka zote. Methali yako haijui hesabu.

Kinyozi: Basi wahenga hawakumwona Kufuli.

Mjomba alipuliza kahawa yake, ingawa ilikwisha kupoa.

Miaka mitatu nyuma, Kufuli aliitwa na timu mbili za taifa ndani ya wiki moja. Huku kwa mama walimtaka, na kule kwa baba, ambako ndiko alikokuwa na klabu yake, walimtaka pia, tena wao walikuwa wanakwenda kwenye mashindano makubwa. Akaja hapa kijiweni na barua zote mbili. Alikaa pale mwisho wa benchi, magoti yamemfika kifuani kwa urefu wake, akasema, “Wazee wangu, nimekuja mnisaidie.” Tulimsaidia wote kwa pamoja, kwa kelele, hata nikasahau kumpa kikombe.

Redio: Mimi nilimwambia abaki huku.

Kinyozi: Wewe? Wewe ndiye uliyesema kule watamjengea sanamu!

Redio: Nilisema kama akishinda kombe.

Mjomba: Acheni. Mimi ndiye niliyesema mwana ni wa baba.

Alisema hivyo kweli. Na Kufuli, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa hajaota meno, alimtazama mjomba wake kama mtu aliyefunguliwa mlango. Akaenda.

Alichezea nchi ya baba dakika kumi na moja. Aliingizwa pembeni, mahali ambapo hajawahi kucheza, mpira ukamgonga mkono ndani ya boksi, penalti, wakatolewa mashindanoni. Hakuitwa tena. Na kwa sheria ya mpira, kwa umri wake, ukishacheza mechi ya mashindano upande mmoja, huhami.

Redio: Nawaambia hii ilipangwa. Walijua siku moja tungekutana nao, wakamwogopa. Wakamwita, wakamchezesha dakika zile, wakamfungia. Kufuli kafungwa kufuli!

Kinyozi: Mpango huo wangeupanga wapi, na timu yenyewe wanaisahaulia jezi hotelini?

Redio: Ndiyo ujanja wao. Wanajifanya wajinga.

Kinyozi: Mimi ninayo siri kubwa kuliko hiyo. Hivi vitabu vyake viwili vya pasi, kimoja kimeandikwa ana miaka ishirini na saba, kingine karani alikosea, kikaandikwa thelathini na moja. Sasa mwili ufuate kipi? Goti likafuata chenye miaka mingi.

Redio: Goti linasoma?

Kinyozi: Halisomi, linasikia. Na lilikosa mazoezi mapema. Goti ni kama samaki, mkunje angali mbichi.

Redio: Hiyo ni ya malezi ya watoto!

Kinyozi: Na goti halilelewi?

Nilicheka. Nakiri nilicheka. Kisha nikamwona Mjomba anazungusha kikombe kwenye kisahani, nikanyamaza.

Klabu ya kule ilimwacha msimu uliofuata, ikasema ina mabeki wa kutosha. Akarudi kwa mama yake, akasajiliwa na timu yetu ya mtaa wa pili. Kwa kuwa alishachezea taifa jingine, fomu yake iliandikwa “mchezaji wa kigeni”. Mgeni, kwenye uwanja uliotazamana na zahanati alikozaliwa! Kila akigusa mpira, majukwaa yanaimba, “Msaliti! Msaliti!” Mama yake aliacha kwenda uwanjani. Sisi hatukuacha.

Redio: Watu wa mpira hawana shukrani.

Kinyozi: Watu wepi?

Redio: Wale waliokuwa wanaimba.

Kinyozi: Redio, wewe uliimba.

Redio: Niliimba kwa sauti ndogo.

Kinyozi: Huna sauti ndogo.

Redio alikunja gazeti mara mbili, akalikunjua tena. Kisha akaangalia viatu vyake. Kinyozi naye akaweka mkasi chini.

Kinyozi: Siku ile alipoanguka, mimi nilipiga makofi.

Akaketi nasi benchini.

Kinyozi: Nilidhani anapoteza muda. Tulikuwa tunaongoza, ikabaki dakika chache, nikasema beki mzoefu huyo, anajilaza. Nikapiga makofi. Halafu jukwaa zima likaanza kupiga, lakini wao walikuwa wanashangilia kwamba ameumia. Makofi yangu yakachanganyika na yao. Sasa nani atayatenganisha?

Redio: Machela ilichelewa.

Kinyozi: Ilichelewa sana.

Mjomba: Aliniita.

Tuligeuka. Mjomba hakuwa amewahi kuizungumzia siku ile.

Mjomba: Wakati wanambeba kupita mbele yetu, aliita, “Mjomba!” Mara mbili. Watu karibu yangu wakaulizana, mjomba wake ni nani? Nikakaa kimya. Nilitazama chini mpaka wakapita.

Nilimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Ndipo akafika mwanamke mmoja aliyevaa aproni ya turubai, unga wa mbao umemjaa mikononi, penseli sikioni. Tulikuwa hatujawahi kumwona. Alikuwa amebeba fimbo ndefu ambayo haijapakwa rangi. Akatusalimu, akasema yeye ni seremala, karakana yake iko nyuma ya soko.

– Nimekuja kwa yule mchezaji. Mama yake ameniagiza mkongojo. Nimebisha hodi pale, kumefungwa.

– Wamekwenda kliniki, – nikamwambia. – Wanarudi jioni.

– Jioni sitakuwepo, na wao wanautaka kesho. – Akaigeuza fimbo. – Umebaki mshikio tu. Nauchonga ufuate kiganja, maana mtu mrefu vile ataegemea sana. Na mkongojo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Sasa mama wa watu alikuwa analia, nami nikasahau kumwuliza. Ni mguu gani ulioumia?

– Wa kulia, – akasema Redio.

– Wa kushoto, – akasema Kinyozi. – Alianguka upande wa kushoto.

– Alianguka upande wa kushoto kwa sababu ulivunjika wa kulia.

– Uliona?

– Nilikuwa… Kulikuwa na watu wengi mbele.

Wakanitazama mimi. Mimi, alipoanguka, nilikuwa nimeinama natafuta kofia yangu iliyoanguka katika shangwe. Tangu siku ile mwezi mzima ulikuwa umepita. Nyumba ya tano kutoka hapa, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyevuka kizingiti chake kumpa pole.

Seremala alimgeukia Mjomba, pengine kwa kuwa ndiye aliyekuwa kimya.

– Na wewe, mzee? Unamfahamu?

– Ni mtoto wa dada yangu, – akasema Mjomba.

– Alhamdulillahi! – Seremala akachomoa penseli sikioni, akaweka ncha yake juu ya mbao. – Basi niambie. Mguu gani?