Mguu Usiosikia Moto

Assalamu alaykum, dada zangu. Na nyinyi wa bara mlioketi pale mlangoni penye upepo, habari za mchana. Nimeambiwa niseme Kiswahili ili kila mmoja apate, basi mnivumilie, maana Kiswahili changu ni cha kuuzia baibui sokoni. Majina sitataja, hata la mzee aliyenichoma. Mkitaka kucheka, chekeni, lakini msikilize.

Mnaniona na fimbo leo. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mwanamke mnene, tena mwenye maringo yake. Kwetu mke akinenepa, watu husema nyumba ile ina maziwa. Chai nilikunywa vikombe saba kwa siku, na sukari nilitia kwa kiganja, si kwa kijiko. Hospitali wakanipima, wakaniambia nina ugonjwa wa sukari. Muuguzi akasema, "Mama, dawa peke yake haitoshi. Tembea kila siku, na ununue raba za kufunga."

Nitembee wapi, ndugu zangu? Hapa Garissa mwanamke akionekana anakaza mwendo barabarani bila mzigo, kila gari linasimama. "Hooyo, mama, kwema? Nani amekufa?" Siku ya kwanza nilisimamishwa mara nne. Siku ya pili nikabaki nyumbani.

Jirani yangu ni mwalimu, dada wa bara, yuko humu ndani. Kati yetu ni mabati tu. Kila siku baada ya alasiri nilisikia pa, pa, pa, nikadhani anatwanga. Siku moja nikachungulia. Mwanamke mzima anaruka kamba!

"Mwalimu," nikamwambia, "umerudi utotoni?"

"Mama, haya ndiyo mazoezi yangu," akasema, huku anahema. "Njoo. Humu uani hakuna mwanamume atakayekuona."

Nikachukua kamba ya kufungia mbuzi, nikaenda. Siku ile niliruka mara tatu nikakaa chini kama gunia. Lakini mimi ni mbishi, wallahi. Mwezi ulipoisha nilikuwa naruka hamsini, kisha mia, kisha mia mbili bila kupumzika. Raba sikununua. Mimi nivae raba kama askari? Ndara zilikuwa zinaruka kabla yangu, basi nikaziacha, nikaruka pekupeku. Nikaenda kupimwa, sukari imeshuka. Muuguzi akanipigia makofi mbele ya foleni nzima. Hapo kiburi kikaniingia. Wanawake wa mtaa wakaanza kuja kwangu, kwa sababu ua wangu una saruji, na mimi ndiye nilikuwa nahesabu, mimi ndiye nilikuwa nakemea wavivu.

Kuna kitu nilikipuuza. Zamani miguu ilikuwa ikiniwasha usiku na mchana, kama mtu ameipaka pilipili. Ikafika siku mguu wa kushoto ukanyamaza. Nikasema alhamdulillahi, kamba imeanza kuniponya. Sikumwambia muuguzi, kwa sababu nani huenda hospitali kusema kitu hakimuumi?

Basi alasiri moja tunaruka, wanawake sita, nikaona tone la damu sakafuni. Halafu jingine. Nikapaza sauti, "Simameni! Nani anatoka damu?" Kila mtu akainua mguu. Nikapita nawakagua mmoja mmoja, nagomba kabisa, kwa nini hamjiangalii. Mwalimu akanishika mkono akasema polepole, "Mama, ni wewe."

Ulikuwa mwiba wa mgunga, umetoka kwenye ua wa mbuzi, umezama wote chini ya kidole gumba. Uliingia lini, Mungu ndiye ajuaye. Nikauchomoa kwa koleo, nikacheka ili na wao wacheke. Mwalimu akasema twende hospitali. Nikakataa. Nawaambia ukweli, niliogopa neno moja tu: acha. Niliogopa kuambiwa niache kuruka, nirudi kuwa yule mama wa kukaa kwenye mkeka. Kesho yake nikafunga kitambaa, nikaruka tena.

Wayo ukavimba. Mama yangu mzazi amekulia na mifugo upande wa Elwak, na kwao jeraha bovu linachomwa, liwe la ngamia au la mtu. Alitaka kunisaidia, msimlaumu. Akamwita mzee wa kuchoma. Chuma kikawekwa kwenye jiko mpaka kikawa chekundu. Wanawake wawili wakaja kunishika mabega, nikawaambia niacheni. Yule mzee akachoma. Moshi wa nyama yangu nikaunusa. Mimi natazama ukuta.

Mzee akasimama, akanitazama. "Nimechoma wanaume wenye ndevu wakalia," akasema. "Huyu hakupepesa hata jicho." Mama akatokwa na machozi ya furaha. Jioni majirani wakaleta maziwa ya ngamia. Mtaa mzima ukanisifu, mwanamke mgumu, mwanamke wa zamani.

Dada zangu, sikuvumilia chochote. Sikusikia kitu. Kama si ule moshi, nisingejua chuma kimenigusa. Nilikaa pale nikisifiwa, na ndani nimejaa hofu, kwa sababu nilikuwa nimejua kwamba mguu wangu umekufa nikiwa hai. Na bado nikanyamaza siku tisa. Sifa ilikuwa tamu, na aibu ya kusema "sikusikia" ilikuwa kubwa. Mnaniona mjinga? Hata mimi najiona hivyo.

Siku ya kumi mama alikuja kunimiminia maji ya udhu. Akanusa. Akafungua kitambaa, akakaa chini kwenye maji yale yale.

"Inauma?" akaniuliza.

"Hooyo," nikamwambia, "haijauma hata mara moja. Hata siku ya moto."

Alinitazama, na nikaona anaelewa. Alitoka nje bila viatu, akampigia kelele mwalimu alete tuktuk.

Daktari alitaka kukata chini ya goti. Halafu akasema ajaribu kukata kidogo kwanza. Vidole viwili vikaenda, na nyama iliyooza ikaenda. Kisha wakaniambia tungoje tuone kama mguu utabaki. Ngojeni nyinyi! Wiki kumi na moja nalala namtazama kila anayefungua bandeji, nasoma uso wake. Mama alikuwa ananiambia, "Mimi ndiye niliyekuletea moto." Namjibu, "Hooyo, mimi ndiye niliyenyamaza." Tulilia sana, wote wawili.

Mguu ulibaki. Lakini muuguzi alinikataza kuruka. Mguu usiosikia haurukishwi, akasema, na hilo nililililia kuliko vidole. Siku hizi nafanya mazoezi ya mikono nikiwa kitini, na wanawake wanaruka mbele yangu, wamevaa raba. Sijapona. Sukari inapanda, inashuka. Mguu huu wa kulia nao umeanza kunyamaza, na safari hii nimesema siku ile ile.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru mama yangu, na mwalimu aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye tuktuk, mimi na unene wangu. Namshukuru muuguzi wetu kwa kunigombeza. Ruka kamba, ni dawa, nimeiona faida yake kwa macho yangu. Lakini mwulize muuguzi kwanza. Na mwili ukikaa kimya, usimshukuru Mungu haraka. Sema.

Haya, chai haijamiminwa. Kila mtu avue viatu, na soksi pia. Msijiangalie wenyewe. Geuka kwa jirani yako, shika wayo wake, umguse kwa kidole, umwulize anasikia wapi. Hakuna aibu hapa, sisi ni wanawake watupu. Mwalimu, njoo uanze na huu wa kulia. Nafumba macho. Ukinigusa nisiseme kitu, waambie wote.