Popi Amemuua Jogoo wa Shemeji

NANTEZA: Haloo? Ni nani?

KALIBBALA: Haloo! Nanteza? Unanipata?

NANTEZA: Nani wewe? Namba hii siijui.

KALIBBALA: Huijui namba, na sauti je? Ni mimi kaka yako, Kalibbala! Nimeazima simu ya Ssalongo, jirani. Yangu imezima, umeme umekatika tangu—

NANTEZA: Kaka! Shikamoo.

KALIBBALA: Marahaba. Mbona unanong'ona? Uko kanisani?

NANTEZA: Niko jikoni. Shemeji yako Byansi yuko uani anaosha pikipiki. Hapendi niongee na simu.

KALIBBALA: Hapendi kivipi? Simu si yako?

NANTEZA: Achana na hayo. Mama hajambo?

KALIBBALA: Mzima, ila amefura huyo, hasemeshwi. Ndiyo sababu napiga. Kwanza kaa chini.

NANTEZA: Kaka, usinitishe.

KALIBBALA: Hakuna aliyekufa. Yaani... aliyekufa yupo, ila si mtu.

NANTEZA: Popi! Jamani, mbwa wangu!

KALIBBALA: Popi yu hai. Kwa sasa. (mkwaruzo) ...ndiye aliyeua.

NANTEZA: Unakatika. Ameua nini?

KALIBBALA: Kuku! Ameua kuku!

NANTEZA: Wa jirani tena?

KALIBBALA: Afadhali angekuwa wa jirani. Kwa Ssalongo alishakula mitetea, tukaomba radhi, yakaisha. Sasa jana kaingia bandani kwetu. Kuku wote wale, akaenda kumchagua... Nanteza, ukitaka kulaumu mtu, mlaumu mama.

NANTEZA: Sema basi.

KALIBBALA: Jogoo mwekundu.

NANTEZA: Mwekundu yupi? Mama hana jogoo mwekundu.

KALIBBALA: Yule aliyeletwa na Byansi siku alipokuja kutambulishwa kwetu. Jogoo wangu mimi. Jogoo wa shemeji.

NANTEZA: Lakini yule si ulishamla?

KALIBBALA: Sikumla.

NANTEZA: Mama aliniambia kwa kinywa chake! Kwamba ulipikiwa kwenye jani la mgomba, ukalamba mpaka vidole, Shangazi akapiga vigelegele—

KALIBBALA: Uongo mtupu. Mama alimwona yule jogoo, kifua kile, mapaja yale, akaingiwa na tamaa. "Kalibbala mwanangu, usimchinje kwanza, mwache apande mitetea yangu nipate mbegu." Nikamwambia mama, huyu si wa kufuga. Huyu ndiye anayefunga ndoa. Nisipomla mimi kaka mtu, dada hajaolewa. Akasema wiki moja tu. Unamjua mama. Shangazi akiuliza, ameliwa. Ukweni wakiuliza, ameliwa. Na jogoo mwenyewe yuko uani anawika kila alfajiri, hana habari kwamba ameshaliwa.

NANTEZA: Kwa hiyo hujamla.

KALIBBALA: Hata kipapatio.

NANTEZA: Hata mchuzi?

KALIBBALA: Mchuzi utoke wapi? Jogoo alikuwa hai mpaka jana! Basi, usilie dada. Najua tumekuharibia.

NANTEZA: Silii.

KALIBBALA: Nakusikia.

NANTEZA: Moshi huo. Popi yuko wapi?

KALIBBALA: Kwenye mfenesi, amefungwa. Ssalongo kasema dawa ya mbwa wa namna hii ni kumvalisha kuku aliyemuua. Unamfunga shingoni mpaka aozee hapohapo, eti harufu itamkinaisha, hatatamani kuku tena maishani. Basi Popi amevaa jogoo tangu jana. Hali, hanywi. Nzi wamemjaa mpaka machoni.

NANTEZA: Mfungueni jamani!

KALIBBALA: Mama hataki kusikia. Na hata hiyo dawa anaona tunapoteza muda. Anataka Ssalongo ampeleke kinamasini na rungu, yaishe. Nikasema ngojeni, mbwa ni wa Nanteza, alimlea kwa maziwa ya chupa. Hauawi kabla hajaambiwa mwenyewe.

NANTEZA: Asante, kaka.

KALIBBALA: Ila na mimi nimechoka naye, nakwambia ukweli. Ile mara ya kwanza nilimcharaza. Akaja anatambaa kwa tumbo, akanilamba miguu, macho yale... ungemwonea huruma. Nikasema huyu kaacha. Hata siku mbili hazikupita, kuku mwingine. Mama anasema akishaonja—

NANTEZA: Haachi.

KALIBBALA: Ndiyo hivyo.

NANTEZA: Anaomba radhi mpaka unaona aibu wewe. Anakaa vizuri siku mbili. Halafu anarudia, na akirudia anazidisha.

KALIBBALA: Ehe! Lakini wewe umejuaje? Popi kaanza ujinga huu ukiwa umeshaondoka. ...Mtandao huu nao... Haloo? Nanteza?

NANTEZA: Nipo.

KALIBBALA: Mkono umepona? Shangazi alituambia alikukuta na bendeji. Eti uliteleza kisimani.

NANTEZA: Niliteleza.

KALIBBALA: Kiangazi hiki?

NANTEZA: Kaka, salio la watu hilo. Sema ulichopigia.

KALIBBALA: Aa, sawa. Mama ameenda sokoni kutafuta jogoo mwingine mwekundu. Anachinjwa leo, nakula mbele ya mama, mfupa kwa mfupa, mambo yanakaa sawa. Shangazi hajui, ukweni hawajui, ndoa yako inakuwa ndoa. Nimeona tu usije ukasikia kwa—

NANTEZA: Usimle.

KALIBBALA: Nini?

NANTEZA: Huyo wa sokoni. Usimle, kaka.

KALIBBALA: Najua, najua, si sawasawa. Anatakiwa atoke mkononi mwa Byansi. Ila nikimwambia Byansi alete mwingine itakuwa fedheha, ataona tumemdha—

NANTEZA: Usimwambie! Kaka, nakuomba kwa Mungu, usimwambie!

KALIBBALA: Taratibu. Kuna nini?

NANTEZA: Ngoja nichungulie dirishani. ...Bado anaosha. Sikiliza, sitaweza kurudia mara mbili. Kila nikimwambia nataka kuja nyumbani, ana jibu lake. "Kaka yako alishakula jogoo wangu akashiba. Unarudi kwa nani?" Akinipiga ndilo analosema. Akimaliza kunipiga pia, ndilo analosema. Nami nikaona ni kweli. Umeshakula. Nyumbani si kwangu tena.

KALIBBALA: Anakupiga.

NANTEZA: Eee.

KALIBBALA: Na ule mkono?

NANTEZA: Mpini wa jembe.

KALIBBALA: Yesu wangu! Nilimkumbatia mtu yule mbele ya ukoo mzima, nikamwita ndugu yangu. Na sisi hapa tunagombania kuku! Kwa nini hukusema, Nanteza? Kwa nini hukumwambia hata Shangazi?

NANTEZA: Nilimwambia. Alisema ndoa ni kuvumiliana, na jogoo keshaliwa.

KALIBBALA: Basi nisikilize mimi. Chake sijala. Mdomo wangu haujamgusa. Kama hoja yake ni jogoo, jogoo yuko shingoni mwa mbwa, aje amwangalie. Hujaolewa, mdogo wangu. Unanisikia? (mkwaruzo) ...hujaolewa!

NANTEZA: Rudia, umekatika.

KALIBBALA: Hujaolewa!

NANTEZA: (anapumua) Na mama je? Ng'ombe waliowaleta, zile kanzu, zile gauni za gomesi alizoshona—

KALIBBALA: Mama niachie mimi. Si alitaka mbegu? Vifaranga anavyo.

NANTEZA: Usinichekeshe, bado mbavu zinauma.

KALIBBALA: Nakuja kukuchukua. Leo hii.

NANTEZA: Kaka, akikuona hapa atakuua.

KALIBBALA: Sifiki hapo nyumbani. Anaenda kazini saa ngapi?

NANTEZA: Akishakunywa chai tu. Lakini— ngoja. Maji yamenyamaza.

KALIBBALA: Sema haraka. Unaweza kufika barabara kuu, pale kwenye kituo cha mafuta?

NANTEZA: Aaa, kaka naye! Mpaka leo unamsifia tu yule jogoo!

KALIBBALA: Kaingia?

NANTEZA: Eee, huyu hapa, anakusalimu sana.

KALIBBALA: Mwambie salamu zimefika. Akiondoka tu, na wewe toka. Nenda kituo cha mafuta, ingia kwa wale mama wa chapati, kaa nao, usisimame peke yako. Usibebe mzigo, hata kanga ya pili. Umenielewa?

NANTEZA: Nimeelewa vizuri kabisa. Hata chumvi haikuzidi?

KALIBBALA: Usiogope. Nakuja na Ssalongo, tuko wawili.

NANTEZA: Haya, Mungu akubariki kwa kula vizuri. ...Ndiyo, mume wangu, namalizia, ni kaka tu anashukuru jogoo. ...Kaka, na Popi naye msimsahau. Mbwa mzuri yule. Mpeni—

KALIBBALA: Haloo? Nanteza? ...Nanteza! ...Ssalongo! Salio lako limekwisha. Mkate yule mbwa kamba, mtoe huyo jogoo shingoni, mpe maziwa. Mama akirudi akiuliza, mwambie ni mimi niliyesema. Halafu washa gari lako la ndizi. Naenda kumchukua dada yangu.